Ulisimamisha Wapi?

Mdogo wangu alikuwa na duka la anime, zile katuni za Kijapani. Nasema duka, lakini kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, meza, kompyuta, na diski kumi na moja zilizopangwa kama matofali, kila moja na namba yake aliyoiandika kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa. Mtu alikuja na flashi yake, akajaziwa, akaenda zake. Wateja walimwita Dokta, kwa sababu hakumpa mtu kitu kabla ya kumhoji.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kilikuwa mtaa wa pili, na kwa miaka sita nilipita kwake karibu kila siku nikienda kununua nyuzi.

"Dada, ingia basi, dakika ishirini tu," angesema, huku akinivutia kigoda kwa mguu.

"Nina magauni ya watu."

Sikuingia kukaa hata mara moja. Naandika haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliwahi.

Aliugua siku nne. Siku ya tano tukamzika.

Nyumbani wakaacha kumtaja. Mama akisikia jina lake anatoka nje kama aliyeitwa. Baba anaongeza sauti ya redio. Lakini siku nilipokwenda dukani kufunga vitu, watu watatu waliingia ndani ya saa moja, na kila mmoja alianza na "Dokta alikuwa ananipa..." Nilisikiliza kama mtu mwenye kiu. Wiki iliyofuata nikahamishia cherehani yangu pale, nikafungua duka, ingawa anime sikuijua hata moja.

Fundi wa gereji ya jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Dada, nataka kama ile ya wapiganaji wa kisiwa cha chuma. Ila mapenzi hapana. Nikiona wanashikana mikono nazima."

Nikamtafutia yenye picha ya panga nyingi. Kesho yake alirudi, ameshika kiuno.

"Hawa hawapigani, dada. Hawa wanauza panga. Sehemu sita nzima wanapatana bei!"

Tulicheka sana. Lakini hakurudi tena. Baada yake msusi naye akaacha kuja, kisha mwalimu wa hesabu, kisha wale mapacha wa duka la dawa. Nilimpa kila mmoja kitu kinachofanana na alichotaja: aliyependa mpishi nikampa mpishi, aliyependa shule nikampa shule. Walishukuru, wakapotea.

Akabaki Mkunga.

Mkunga amestaafu zamani. Ana miwani mizito yenye kamba, na flashi yake huibeba ndani ya kasha la miwani. Kwa miaka mitatu alikuja kila Alhamisi saa nne asubuhi, na mdogo wangu alimpokea kwa sababu yeye naye aliwahi kumpokea.

"Huyu alitoka tumboni kimya," aliniambia. "Nikampiga kofi moja la matakoni, akanikasirikia mpaka juzi. Kila nikiingia hapa, 'Mama, lile kofi sijalisahau.'"

Niliambiwa kisa hicho kila Alhamisi na sikukichoka. Nilijua kabisa kwamba huyu naye akiacha kuja, hakuna atakayebaki wa kunitajia mdogo wangu.

"Haya, binti," alisema Alhamisi moja. "Duka la Miavuli nimelimaliza. Dokta angenipa ipi?"

Mdogo wangu aliacha sanduku la kadi ngumu, kadi moja kwa kila mteja. Nikaitoa ya Mkunga. Ilikuwa imejaa mistari ya mwandiko wake mdogo. Kila mstari ulikuwa na jina la anime, mshale, namba mbili, mshale mwingine, kisha jina la anime inayofuata. Mstari wa mwisho ulisomeka: *Duka la Miavuli → 9/14 →*, halafu hakuna kitu. Hakuwahi kuumaliza.

Nikaona nimepata. Diski ya tisa, folda ya kumi na nne. Sikujisumbua hata kuitazama. Nikamjazia, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Hakusubiri Alhamisi. Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya meza.

"Binti, umenipa nini? Dakika ya pili tu mtu kang'olewa kichwa! Miaka arobaini nimeona damu mimi, lakini ile ilikuwa na faida, mtu anapata mtoto!"

"Nisamehe, Mama."

"Sina neno na wewe." Akalifunga kasha la miwani. "Labda niyaache tu mambo haya. Macho yenyewe siku hizi yamechoka."

Alikwisha kugeuka. Nikamzunguka na kadi mkononi.

"Nilifuata kadi, Mama. Tazama mwenyewe. Tisa, kumi na nne."

Akavaa miwani, akasoma, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Hii si diski," alisema. "Huyu ni mimi. Sehemu ya tisa, dakika ya kumi na nne. Hapo ndipo niliposimamisha."

"Kusimamisha?"

"Kumbe hukujua? Mbona ndiyo kazi yake yote! Alikuwa anatuambia, ukisimamisha kwa sababu ya chai au simu, sitaki kujua. Lakini ukisimamisha na hujui kwa nini, niandikie dakika. Halafu ukirudi anakuuliza, 'Ulisimamisha wapi?' Nilidhani huniulizi kwa sababu ya majonzi."

"Nipe mpaka Alhamisi ya wiki ijayo," nikasema. "Tafadhali, Mama."

Akanitazama kama wakunga wanavyomtazama mzazi anayesukuma kabla ya wakati. "Alhamisi ya wiki ijayo," akakubali.

Alipoondoka niliwasha Duka la Miavuli, sehemu ya tisa. Mzee mwenye duka anakuta mwavuli uliosahauliwa na mteja ambaye yeye anajua amefariki. Anaufungua. Anaukausha kwa kitambaa, ubavu mmoja mmoja. Kisha anautundika kwenye msumari uleule, mahali palepale ulipokuwa. Niliitazama mara tatu, nikaelewa kwamba ningempa Mkunga miavuli mia nisingekuwa nimempa kitu.

Basi nikaanza kutafuta msumari ule kwenye diski kumi na moja. Nilitazama mchana kutwa, cherehani mbele yangu, mguu umelala juu ya kanyagio. Nilishona mkono wa shati nikauziba kabisa. Mwenye shati akaniuliza kama nimeona mahali amekatwa mkono. Niliona marubani, wachawi, watoto wanaoongea na mawe, timu nzima ya mpira iliyogeuka paka. Nilimsikia mdogo wangu akicheka kwenye vipande ambavyo bila shaka alivichekea, na nilikuwa peke yangu navyo.

Siku ya tisa niliifikia Bweni la Kilimani. Wanafunzi wamekwenda likizo na shule haitafunguliwa tena. Sehemu ya tano, msimamizi wa bweni anasimama katika chumba kitupu na daftari lake, anaita majina. Baada ya kila jina ananyamaza kidogo, kama kumpa mtu nafasi ya kuitika.

Kidole changu kilisimamisha chenyewe. Dakika ya nane.

Alhamisi nikamjazia Mkunga. Sikumwambia lolote. Wiki ile nilishona vibaya kuliko zote.

Alhamisi iliyofuata aliingia saa nne kamili, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, ulisimamisha wapi?"

Akatoa kikaratasi ndani ya kasha. "Sehemu ya saba, dakika ya tatu."

Haikuwa yangu.

"Pale mpishi anapojaza lile sufuria kubwa," akaendelea, "maji ya watoto sitini, kama kawaida yake. Halafu anakumbuka. Niliacha pale mpaka chai yangu ikapoa."

Mimi hapo nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Sikumwona mpishi hata kidogo.

"Dokta angenipa hii," Mkunga akasema. "Au labda asingenipa. Lakini ni ya ukoo uleule."

Nikaandika kwenye kadi yake. Mwandiko wangu ni mkubwa, ulionekana kama mgeni pale.

"Na wewe ulisimamisha wapi?"

Tangu tumzike, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu kinachonihusu.

"Ya tano, dakika ya nane. Majina."

"Iandike basi kwenye kadi yako."

"Mimi sina kadi, Mama."

"Unayo. Alisema wewe ndiye mteja wake mgumu kuliko wote."

Tulilipekua sanduku pamoja. Ilikuwa ya kwanza kabisa, imegeuzwa mgongo, ile niliyokuwa nikidhani ni kizuizi cha kuzishikilia nyingine. Juu yake aliandika *Dada*. Mstari ulikuwa mmoja:

*Treni ya Theluji → 2/6 (mlangoni, kikapu mkononi, hakuingia) → Fundi wa Kengele? Bado natafuta.*

Niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa napita, na kwenye skrini msichana alikuwa akifuta ukungu wa dirisha la treni kwa kiganja. Nikasimama. Mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo, nami nikaondoka nikiamini hakuniona. Lazima aliniona ndani ya kioo cha skrini, akanyamaza, akatazama dakika.

Mkunga alinishika bega kidogo, akachukua flashi yake. "Alhamisi," alisema, akatoka.

Nilikivuta kile kigoda alichokuwa akinivutia kwa mguu, nikakaa, nikawasha Fundi wa Kengele. Sehemu ya kwanza, dakika ya kumi na moja, nilisimamisha. Niliandika namba kwenye kadi, nikachora mshale.

Baada ya mshale sijaandika kitu.