Masale Niliyoyahamisha

Siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, kijiji chetu kizima kilikwenda Lushoto kuitazama. Mimi nilibaki. Nilisema kiuno kinanisumbua, na watu wakanipa pole wakaenda zao, kwa kuwa mimi, Mama Dorkasi, sikujulikana kwa visingizio. Walipopotea kwenye kona nilichukua jembe, nikateremka shambani kuhamisha mpaka.

Kwetu shamba halina uzio. Mpaka ni masale, mimea ya majani marefu ambayo baba huipanda anapowagawia wanawe ardhi, na baada ya hapo haiguswi na mtu. Nayo ni migumu kufa. Ukiing'oa na udongo wake ukaichimbia mahali pengine wakati wa mvua, haichukui mwezi utadhani ilikuwa hapo tangu zamani. Niliing'oa mmoja mmoja, kutoka juu njiani mpaka chini mtoni, nikaisogeza hatua tatu ndani ya shamba la jirani yangu Omari. Juu ya mashimo nikapanda maharage. Wenzangu waliporudi wakiimba nilikuwa nimeshaoga, na kiuno kilikuwa kinaniuma kweli.

Omari alikuwa Korogwe kwenye mkataba wa mkonge, mwaka wa tatu. Shamba alimwachia mdogo wake, Selemani, ambaye alikaa upande wa pili wa kilima na alipenda dengelua, pombe yetu ya miwa, kuliko jembe. Alilima kipande cha juu, bonde lote akaliachia magugu. Udongo mweusi, karibu na maji! Nilikuwa nikipita pale kila siku roho ikiniuma. Nilijiambia kwamba ardhi ni ya Mungu na mlevi hana haki ya kuilaza. Mtu akitaka kuiba hutafuta kwanza sababu nzuri. Mimi yangu niliipata kanisani.

Mume wangu Nikodemo alikuwa seremala wa misheni Bumbuli na mzee wa kanisa letu. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Mbao alizijua, shamba hakulijua. Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama, na ndimi niliyewafundisha mabinti kwamba ndiyo yao iwe ndiyo.

Omari aliporudi alisimama mpakani asubuhi nzima. Kisha akaenda kumkamata Selemani shati. Alisema: umewauzia watu wa kanisa shamba la baba. Selemani akaapa hakuuza. Wazee wakaitisha baraza, nami nikaitwa. Mzee mmoja akaniuliza kwa Kiswahili, kama mambo ya baraza yalivyotaka, ni nani aliyeyaweka masale pale.

Nikasema, "Muulizeni Selemani. Yeye ndiye aliyeachiwa shamba."

Basi. Sikusema zaidi, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mama ni mtu wa dini, hawezi kumsingizia mtu. Masale yakabaki nilipoyapanda. Ndugu wale wawili hawakusemezana tena. Mama yao alipokufa walimzika wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi, na kila mmoja alipokea pole zake peke yake. Mimi nilipeleka ndizi msibani.

Miaka kumi na mitatu nikala mahindi ya zile hatua tatu. Kila nilipokwenda kuandikisha jina kwa mwinjilisti kwa ajili ya Chakula cha Bwana, aliniuliza kama nina ugomvi na jirani. Nilijibu sina. Ilikuwa kweli, jirani hakuwa na ugomvi nami. Ugomvi wake ulikuwa na ndugu yake.

Ndipo ukaja mwaka ule wa vijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi, Hezekia, akapita akitangaza kwamba ule mteremko wote utakuwa shamba moja la ujamaa. Alhamisi kila mtu aje na jembe kung'oa masale. Naona aibu kusema, lakini usiku sikulala kwa furaha. Nilipiga magoti nikashukuru kwamba serikali itaing'oa dhambi yangu na kuichoma pamoja na takataka nyingine, wala hakuna atakayejua ilikuwa wapi.

Alhamisi tulikuwa watu kama sitini. Hezekia alitupanga mistari, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukumbuka magomvi ya watu, Omari na Selemani wakaangukia mstari mmoja na mimi, Omari juu, Selemani chini. Nikodemo naye alikuwapo, amepewa ruhusa misheni. Watu waliimba. Nilikuwa nimeshang'oa mashina mawili Selemani alipopanda kunifuata, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Dorkasi."

"Marahaba. Mbona umeacha kazi?"

"Nimekuja kuaga. Nimejiandikisha kwenda kijiji kipya huko tambarare, chini ya Mombo. Lori linatuchukua kesho, na mke na watoto. Hapa sina cha kunikalisha."

Nikamtakia heri. Nilitaka aende upesi. Lakini alibaki amesimama, akiigeuza ile kofia.

"Nina neno moja la kukuuliza, mama, usinikasirikie. Zile siku nilikuwa nakunywa sana. Kuna siku nyingi sizikumbuki. Nilimwapia kaka kwamba sikuuza, lakini wewe ulisema niulizwe mimi, na wewe si mtu wa uongo. Nimefikiri miaka yote hii. Sasa naomba uniambie tu, nilipewa nini? Mbuzi? Nguo? Nataka niende nikijua nilimuuza ndugu yangu kwa kitu gani."

Sikuwahi kufikiri hivyo hata siku moja. Nilidhani ananichukia. Kuchukiwa nilikuwa nimejiandaa nako, nilikuwa hata na aya zake za Biblia. Kumbe mtu huyu aliichukua dini yangu akaipima na kumbukumbu zake mwenyewe, akaona kumbukumbu zake ndizo zenye makosa. Jembe lilinianguka, na Omari kule juu akageuka kutazama.

Nikasema kwa sauti, na nilisema kwa Kishambaa. Uongo wangu niliusema kwa Kiswahili cha baraza, mbele ya karani. Haya yalikuwa mambo ya nyumbani.

"Hukupewa kitu, Selemani. Hukuuza. Masale haya niliyahamisha mimi, kwa mikono hii, siku ya Uhuru, ninyi nyote mkiwa Lushoto."

Nyimbo zilikatika mstari kwa mstari kuteremka bondeni. Hezekia alisema, "Mama, labda jua limekupiga," ingawa kulikuwa na ukungu. Nikodemo alivua kofia yake. Omari alinitazama, akamtazama mdogo wake. Kisha akaliacha jembe lake chini akaenda nyumbani kwake bila kugeuka. Kesho yake lori lilipokuja alikuwa amejifungia ndani. Selemani aliondoka bila kumwona.

Nyumbani nilingoja Nikodemo anipige au anifukuze. Aliniuliza kama nimekula. Jumapili akavua uzee wa kanisa bila kuombwa, nami nikawekwa benchi la nyuma, nimetengwa na meza ya Bwana. Baada ya miezi mitatu nikasimama mbele ya usharika, nikaungama, mchungaji akaniwekea mkono kichwani na kunirudisha kundini. Akina mama walilia na kunikumbatia. Lilikuwa jambo jepesi mno. Nilitoka mle ndani nimesamehewa na watu mia mbili ambao sikuwakosea kitu.

Nilipita nyumba yangu, nikaenda moja kwa moja kwa Omari. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi.

"Omari, nimekuja kukuomba msamaha."

"Sikuingia kanisani kwenu, lakini nasikia umeshasamehewa."

"Si na wewe."

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. "Mimi ulininyang'anya hatua tatu, na sasa hata hizo ni za kijiji. Selemani ulimnyang'anya jina. Nami ndiye niliyemwita mwizi kwa mdomo wangu, mbele ya watoto wake. Mama yetu alikufa akitusihi. Nilikuamini wewe, mtu baki, nikamkana aliyenyonya ziwa moja na mimi." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa ukiniomba mimi, mimi nimwombe nani?"

"Twende," nikasema.

"Wapi?"

"Unapajua."

Kesho yake tulipanda basi la asubuhi, mimi mbele na yeye nyuma, kama watu wasiojuana. Mombo joto lilitupokea, tukatembea saa mbili kwenye vumbi mpaka zilipoanza zile nyumba mpya zilizopangwa mstari. Selemani alikuwa akiezeka. Alipomwona kaka yake aliteremka ngazi polepole, na Omari hakumngoja afike chini, alimshika miguu akiwa bado juu ya ngazi. Sitasema waliyosemezana. Nilisimama kando nikitazama njia.

Lakini yangu ilikuwa bado. Nikamwomba Selemani awaite watoto. Walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa Tatu, msichana wa miaka kumi na saba mwenye macho makali. Siku ile ya Alhamisi yeye na wadogo zake walikuwa nyumbani wakifunga mizigo, na Selemani alisema bado hajapata namna ya kuwaambia. Niliwaambia yote: masale, siku ya Uhuru, baraza, na lile neno nililolisema. Nikawaambia, baba yenu hakuuza wala hakuiba. Kama mtu yeyote amewaita watoto wa mwizi, mwizi ni mimi.

Tatu hakunikasirikia. Alimgeukia baba yake, amekunja uso kama anayeshindwa hesabu.

"Lakini baba, wewe mwenyewe ulituambia uliuza. Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Idi. Ulitukalisha wote ukasema umemkosea baba mkubwa na Mungu, ukalia. Tangu siku ile hukunywa tena."

Selemani alitazama chini. "Nilidhani ndivyo," akasema.

Dhambi yangu ilikuwa imeshatubiwa, kwa machozi, mbele ya watoto, na mtu ambaye hakuitenda, wakati mimi nikisimama kuwaongoza akina mama kuimba. Nilikaa chini kwenye vumbi pale pale. Aliyekuja kuniinua ni Selemani. Alinishika kwapani akaniambia, "Simama, mama, jua ni kali," akanipeleka penye kivuli na kumtuma Tatu alete maji.