Sekunde Nne

Kitendawili. Nilipewa kabla sijajua kusema, wenzangu wanakibeba vinywani, na nikifa hakiingii nami kaburini. Msinipe mji bado, tusogee kwanza.

Mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, Luhaga alishuka kwenye basi huko Magu saa nne asubuhi, tepurekoda mkononi, shahada ya uzamili ya utunzi wa muziki mkobani. Alikuwa ametoka Ulaya. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kwenye foleni ya unga, na Ngosha, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akisoma majina. "Kashindye. Odeta. Shimba." Kisha mdomo wake ukafunguka na kujifumba bila kutoa kitu, kama wa sato aliyetolewa majini. Shangazi yake Luhaga akasogea mbele na debe lake, akapimiwa. Ngosha akaendelea na wengine.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka juzi. Jina la shangazi lilikuwa halitoki. Aliyeita alibaki akichezesha midomo. Aliyeandika, wino ulikauka kabla haujagusa karatasi. Watu walishazoea. Wakimtaka, walipiga makofi mawili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Huko yanga haijafika?"

Kija, dada yake Luhaga, alikuwa na binti mgongoni, wa miaka miwili. "Huyu ni Mtoto," alisema. "Aliahidiwa jina la shangazi, basi tunasubiri. Sijui siku ya kuanza shule mwalimu ataandika nini."

Jioni Luhaga aliwapigia kazi yake, dakika nane kamili. Kabla ya kusafiri alikuwa amemrekodi shangazi akiimba kwenye palizi ya pamba, na huko chuoni ndiyo sauti aliyoifanyia kazi. Ilianza filimbi ya Luhaga mwenyewe, dakika nzima. Kisha wakaja shangazi sita kutoka sauti ile moja, mmoja mzito kama maksai, mwingine akiimba kinyumenyume.

"Mimi wote hawa," alisema shangazi, "na shamba langu bado lina magugu."

Watu wakacheka. Lakini wimbo ni wimbo, na walioujua wakaanza kuchezesha miguu. Kwao mwimbaji hujitaja mwishoni mwa wimbo wake, ili hata ukisafiri ujulikane umetoka kwa nani, na hapo ndipo wachezaji hukanyaga kwa pamoja. Wakafika hapo, wakashusha miguu, ardhi haikuwepo. Watatu walianguka. Mzee Kashindye akateguka goti. Wakajipangusa vumbi, Kija akaleta maji.

"Luhaga," alisema shangazi. "Siku ile mimi nilijitaja. Jina langu ulilifanyia nini?"

"Mitambo ya kule ina mambo yake, shangazi," akasema, akafunika tepurekoda.

Alikuwa anajua. Mwalimu wake alisema kazi ikizidi dakika nane haipokelewi, na yake ilizidi kwa sekunde nne. Kipande cha utepe kilichodondoka chini ya meza kilikuwa na urefu wa kamba ya kufungia kuku. Mfagizi alikizoa asubuhi. Kwenye jalada la utepe waliandika mtunzi ni Luhaga, na chini, kwa herufi ndogo, sauti ya mwanamke wa shambani.

Alikaa siku tisa. Kila siku alimrekodi shangazi akijitaja, na kila siku utepe ulizunguka ukatoka mtupu. Mtoto alikaa pembeni akitazama magurudumu ya utepe. Mama yake akipiga makofi mawili, wanageuka wote, shangazi na yeye.

Siku ya kumi Luhaga alikuwa anakwenda Mwanza kuanza kazi ya kufundisha. Shangazi alimsindikiza hadi barabarani, mkoba wa Luhaga kichwani, hakukubali kupokewa. Vumbi la basi lilionekana kwa mbali.

"Jina kurudi halirudi, nimeshaona," alisema. "Wala sikudai. Ila huyu mtoto atakua, ataniuliza, na mimi nisiwe na la kumjibu? Nilikulea, Luhaga. Jina langu ulilifanyia nini?"

Basi likasimama. Kondakta akagonga bati mara mbili, na shangazi akageuka akidhani ameitwa.

"Nililikata kwa wembe, shangazi," alisema Luhaga. "Filimbi yangu nikaiacha ibaki."