Kilo Kumi na Tano za Matano

Jomvu Kuu nzima hapakuwa na mtu aliyeiamini mizani kama Bwana Shee. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa ghala la kopra Changamwe, kazi yake kupima magunia na kuandika, na siku aliyostaafu, wenzake wakidhani atataka saa ya ukutani, yeye aliomba apewe mizani. Wakampa, ile kuukuu ya kusimamishia gunia. Akaiweka barazani kwake, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeonja kahawa ya nyumba ile kabla hajapimwa.

Huyo ndiye aliyekuwa mkufunzi wa chama cha baiskeli cha Upepo wa Jomvu. Mola atusitiri.

Desturi ya chama wakati wa masika ilikuwa moja tu, nayo ni kulala. Mashindano hakuna, njia ni matope, baiskeli hutundikwa ukutani na wenyewe hujitupa vitandani. Lakini masika ya mwaka wa tisini na tatu Bwana Shee alizuka na kijitabu. Mpwa wake, mhudumu wa hoteli ya kitalii, alikuwa ameachiwa vitu viwili na Mjerumani mmoja aliyekuwa akirudi kwao: baiskeli nyekundu ya mashindano, nyepesi hata Bi Mishi, mkewe Bwana Shee, aliinua kwa vidole viwili, na hicho kijitabu cha mazoezi. Kilikuwa cha Kijerumani. Mpwa akamfasiria mjombake kurasa mbili, kisha akapata mchumba wa Kijerumani, akapanda ndege, baiskeli akamwachia mjombake, na kurasa zilizosalia zikabaki yatima.

Ukurasa wa kwanza ulisema msimu usio na mashindano ndio msimu wa kujenga mwili, na hujengwa kwa vipindi: mtu ajitoe roho kwa sekunde chache, apumzike dakika tatu, ajitoe roho tena, mara sita, wiki tatu za kazi, ya nne nusu kazi. Ukurasa wa pili ulisema mazoezi hayo yasipimwe kwa jasho wala kwa kujisifu. Yapimwe kwa nguvu, na nguvu huhesabiwa kwa wati, kama taa za umeme. Ukitaka kuijua nguvu ya mtu, twaa uzito wake na wa baiskeli yake, zidisha kwa kimo cha kilima anachopanda, zidisha tena kwa kumi kasoro kidogo, halafu gawanya kwa sekunde alizotumia.

Bwana Shee aliposikia neno "uzito" machozi yalimlenga. Kumbe maisha yake yote alikuwa mwanasayansi na hakuna aliyemwambia!

"Na kurasa hizi nyengine, Ami?" vijana walimuuliza.

"Hizo zahusu theluji," akajibu, na kijitabu akakifunga.

Akamwita mwashi na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, wakapima kilima kinachotoka pwani ya hori hadi msikitini: mita kumi na tano. Akanunua ubao na chaki. Kisha akatangaza kwamba yule atakayekuwa na wati nyingi kupita wote mwisho wa masika ndiye atakayeipanda baiskeli nyekundu katika mashindano ya Mariakani.

Katika vijana waliosikia tangazo lile, aliyeguswa hasa ni Matano. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mpaka rangi wa nyumba za watu, mwembamba, kilo hamsini na mbili akiwa ameshiba. Mwaka uliopita, Mariakani, alishindwa na jamaa mmoja wa Kisauni kwa nusu gurudumu, naye Matano yuko juu ya baiskeli ya mamba, chuma kizito kilichokwisha kubeba magunia ya makaa. Nusu gurudumu! Ilimkaa kooni mwaka mzima kama mwiba wa chaa. Usiku akilala aliiona, akila aliiona. Alijua kwa yakini kwamba akiipata ile baiskeli nyekundu, kombe la Mariakani litalala kwao.

Siku ya kwanza ya vipindi alipanda kilima kwa sekunde arubaini. Kalama, fundi cherehani wa Changamwe, mtu wa kilo arubaini na tisa aliyewashonea kaptura chama kizima, alimfuata kwa sekunde moja. Wakashuka, wakanywa maji, wakafuta minyororo yao. Ndipo Stambuli, mtoto wa mwenye bucha, kilo themanini na nane, akachomoza akihema kama ng'ombe wa babake anayejua anakopelekwa. Sekunde hamsini na mbili.

Bwana Shee alihesabu ubaoni, chaki ikilia. Stambuli, wati mia tatu. Matano, mia mbili hamsini na saba. Kalama, mia mbili na arubaini.

"Stambuli wa kwanza!" akatangaza.

"Ami, lakini mimi nimefika zamani," Matano akasema. "Hata jasho limenikauka."

"Kufika si hoja, kijana. Punda hufika. Hoja ni nguvu."

Bi Mishi, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, akauliza, "Huko Mariakani, kombe hupewa anayefika mbele au anayevunja mizani?"

"Mishi, hii ni sayansi," mumewe akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki ya tatu Bwana Shee alileta sheria mpya: aliye chini ya wati mia mbili na hamsini atoke, asimalize chaki ya watu. Jina la Kalama likafutwa kwa kiganja.

Kalama hakupandisha sauti. "Ami, mimi na Matano hufika juu pamoja. Muulize mwenyewe."

Bwana Shee, ambaye sekunde kwake zilikuwa za kugawanyia tu, akamgeukia Matano. "Ni kweli haya?"

Na hapa, ndugu yangu, ndipo Matano alipojua yeye ni mtu wa namna gani. Alikuwa juu ya ule mstari kwa wati saba tu, saba! Akisema ni kweli, huenda akafutwa yeye pia, na baiskeli nyekundu ikaenda zake. Akainama akashika mnyororo wake. "Mimi hutazama mbele, Ami. Sijui nani yuko nyuma."

Kalama akaichukua baiskeli yake, akaondoka akiikokota.

Waliobaki hawakuwa wapumbavu. Kama uzito ni wati, basi dawa ni uzito. Mmoja alikuja kupimwa na chubwi za risasi za kuvulia samaki ndani ya soksi. Mwengine alikunywa madafu sita akapanda mizani akitembea kwa hadhari kubwa. Bwana Shee alipogundua, akaamuru watu wapimwe na shuka kiunoni, soksi hakuna, na kabla ya hapo waende msalani. Kwa wiki mbili kina mama wa Jomvu walipata sababu ya kupita mbele ya baraza ile hata kama hawana waendako.

Ikabaki njia moja ya halali. Matano alikwenda kwa mamake.

"Mama, nataka kunenepa."

Bi Mwanatabu aliacha mwiko ndani ya chungu. Mwanamke huyu alikuwa amemlilia Mungu miaka kumi kwa ajili ya mbavu za mwanawe. "Rudia tena, mwanangu."

"Nataka kunenepa, mama. Kilo kumi na tano, kabla ya masika kwisha."

"Allahu Akbar!" akasema, akaenda kuazima sufuria kubwa ya shughuli kwa jirani.

Mwanakwetu, palipikwa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, saa nne viazi vya rojo, adhuhuri wali na samaki wa kupaka, alasiri mkate wa sinia, na kabla ya kulala bakuli la uji mzito ambao kijiko kilisimama chenyewe. Matano akisema ameshiba, mamake humkumbusha baiskeli. Baada ya mwezi aliwaita mashoga zake waje kumtazama. "Muoneni! Shati sasa lina mwenyewe. Alikuwa akivaa, waona kama limetundikwa kambani."

Kaptura ndiyo iliyoleta taabu. Ilikataa kupita mapajani, na fundi wake alikuwa Kalama. Matano alizunguka kibanda cha Kalama mara mbili kabla ya kuingia. Akasalimia, akajibiwa vizuri, jambo lililomuuma kuliko kama angetukanwa. Kalama alimzungushia tepu kiunoni, pini mdomoni. Akafumua mishono ya ubavuni akatia ukanda wa kitambaa chekundu kila upande. Kilo tano baadaye Matano alirudi, na kitambaa chekundu kilikuwa kimekwisha, ukatiwa ukanda wa kijani. Mara ya tatu ukatiwa wa manjano, wa pazia. Kila mara alitaka kusema neno kuhusu siku ile ya ubao, na kila mara neno liligoma.

Siku ya mwisho ya vipindi alisimama juu ya mizani na shuka lake: kilo sitini na saba. Akapanda kilima kwa sekunde arubaini na moja, maana miguu ilikuwa bado ya Matano, ingawa mapafu yalikwisha kuanza kulalamika. Bwana Shee akahesabu mara mbili. Mia tatu na nne! Stambuli, ambaye masika yote hakuongeza kitu kwa kuwa alijiona amekwisha kushinda, aliachwa kwa wati nne. Baiskeli nyekundu ikateremshwa ukutani. Bi Mwanatabu akapiga vigelegele, ingawa hakujua wati ni mnyama gani.

Mashindano ya Mariakani yalianzia Changamwe asubuhi na mapema, watu ishirini na sita. Kwenye tambarare Matano aliruka. Lo, chuma kile kilikuwa kinakwenda! Mpaka Miritini yeye na jamaa wa Kisauni walikuwa bega kwa bega mbele ya wote, na Matano alicheka peke yake kwa furaha. Kisha barabara ikaanza kuinuka kwenda Mazeras.

Kilima cha Jomvu ni sekunde arubaini, halafu mtu hupumzika dakika tatu. Mlima wa Mazeras haumpumzishi mtu. Mwendo kidogo tu, kila hamri alilokula lilianza kudai nafasi yake. Alibadilisha gia, akabadilisha tena, gia zikamwishia. Jamaa wa Kisauni akawa mgongo, akawa doa, akapotea. Wakampita wawili, wakampita watano. Matano akasikia mlio anaoujua, kanyagio la baiskeli ya mamba likigonga kila likizunguka, na Kalama akatokea ubavuni mwake, amejiandikisha peke yake, hana chama.

Kalama aliitazama ile kaptura, nyekundu, kijani, manjano. Hakucheka. Akachomoa chupa yake ya maji akampa. "Kunywa kidogo, ndugu. Usimalize pumzi, bado kuna kipande." Akasimama juu ya kanyagio, akaenda zake juu, taratibu, bila haraka, kama mtu apandaye ngazi ya kwao.

Matano alilia pale mlimani, wallahi alilia, na haikuwa kwa sababu ya mlima.

Kalama alifika wa pili. Jamaa wa Kisauni alimshinda kwa nusu gurudumu, naye Kalama yuko juu ya chuma cha mamba. Matano alifika wa kumi na tisa. Alipoambiwa habari ya nusu gurudumu alikaa chini kando ya barabara, na baiskeli nyekundu ikalala majanini karibu naye. Hakuhitaji chaki kuhesabu. Chuma kile chepesi kingekuwa chini ya Kalama, kombe lingekuwa Jomvu sasa hivi.

Bwana Shee alikuja mbio, penseli sikioni, karatasi mkononi. "Matano! Nimekupigia hesabu ya mlima wote. Uko katika watatu wa kwanza kwa nguvu! Kalama hata kumi bora hayumo!"

"Ami, Kalama ni wa pili."

"Wa pili kufika," Bwana Shee akasema kwa upole, kama amwambiaye mgonjwa.

"Ami, siku ile uliyoniuliza, nilikudanganya. Tulikuwa tukifika pamoja. Siku zote. Baiskeli hii mpe yeye."

Mzee akaikunjua karatasi yake tena. Nyuso za watu wawili ziligombana usoni mwake, wa kwanza mtu mwema, wa pili karani. Karani akashinda. "Wati mia mbili na arubaini, kijana. Nitaandika nini daftarini?" Baiskeli nyekundu ikapewa Stambuli, anayeipanda hadi leo kwenda bucha na kurudi, na bado ndiye wa kwanza ubaoni.

Jumatatu yake Matano aliingia kibandani kwa Kalama na kaptura ile mkononi. Safari hii neno halikugoma.

"Nilisema sijui nani yuko nyuma yangu. Nilijua. Nisamehe."

Kalama alisimamisha cherehani. Akaikunjua kaptura juu ya meza, akaigeuza ndani nje. Chini ya kanda zile za rangi, alama za mshono wa kwanza zilikuwa bado zipo, zimechorwa upya kwa chaki nyeupe, kila upande.

"Mara zote tatu nilizipitia, zisije zikafutika," akasema. "Nilijua utarudi, sikujua lini tu."

Matano akaomba kanda zote zitolewe siku ileile. Kalama akakataa. Alikata nyuzi za ukanda wa manjano peke yake, akamrudishia kaptura. "Mmoja mmoja. Kapande, upumzike, upande tena. Ikikupwaya, njoo."

Tangu hapo, kila alfajiri baada ya swala, watu wa Jomvu huwaona wawili wakipanda kilima cha msikitini, wakishuka, wakikaa dakika tatu, wakipanda tena, bila ubao. Bwana Shee huwatazama kutoka barazani, saa mkononi kwa mazoea, na hajui aandike wapi. Bi Mwanatabu naye husimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kawa. Amekwisha waambia majirani wote kwamba mwanawe alikuwa mzima, wa kupendeza, mpaka alipokwenda Mariakani wakamtupia jicho.