Tangazo la Saa Tatu

"Tangazo liweke saa tatu asubuhi, si kabla," alisema Fanueli, kofia ya pikipiki bado iko mkononi. "Mama lazima asikie kwa midomo yetu. Mtandao ni wa huku chini tu, kule njiani sitaweza kukupigia."

"Nimekuelewa, kaka. Pole sana," alijibu Agatha.

Wilbard, mdogo wake Fanueli, alikuwa amefariki mchana ule Dar es Salaam. Mama yao, Bi Esta, alikuwa kijijini Bombo, hajui lolote. Kesho alfajiri Fanueli na wazee wawili wangepanda milima kumpelekea habari.

Agatha ana duka la steshenari karibu na stendi ya Same, na ndiye anayeendesha blogu ya watu wa Bombo waliotawanyika mijini. Harusi, harambee za kanisa, misiba, yote yanapitia kwake. Anashukuriwa Krismasi na kulaumiwa mwaka mzima.

Jioni ile mtandao ulimfanyia visa. Ulikatika mara nne, na kila uliporudi tangazo lilikuwa rasimu tena, kisanduku cha muda kitupu. Agatha alisonya, akaanza upya. Mara ya tano aliandika 3:00, kama alivyoambiwa, akabonyeza. Kompyuta ikajibu: Imepangwa. Alifunga duka akiwa amechoka, hata kukasirika hawezi.

Saa moja asubuhi aliwasha kompyuta akitarajia kukuta tangazo bado linasubiri. Kompyuta ikasema: Imechapishwa. Maoni thelathini na moja, pole juu ya pole.

Saa tatu ya kompyuta ni saa tisa ya usiku. Mtoto wa darasa la tatu anajua hilo, na Agatha mwenyewe huwacheka wateja wanaokosea. Alijichukia. Alilirudisha tangazo kuwa rasimu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Watu walikuwa wamepiga picha ya skrini na kuisambaza kwenye magrupu. Akampigia Fanueli. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Mteja aliyetaka kutoa kopi ya cheti alijibiwa vibaya bila kosa lolote.

Saa tatu na nusu simu iliita.

"Agatha, nilikuambia nini jana?" Sauti ya Fanueli ilikuwa imekauka. "Tumemkuta kakaa nje, watu wamejaa uwanjani. Akatuacha tuseme yote mpaka mwisho, kama vile hajui. Wazee wameona aibu. Haya, anataka kusema na wewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mke wa mchungaji alinipigia kunipa pole. Nikamwuliza, pole ya nini?"

Agatha alianza kulia. "Nisamehe, mama. Ni mimi, nilikosea saa."

"Utalia baadaye, nisikilize kwanza. Mjukuu amenisomea kwenye simu. Umeandika Wilbard ni mtoto wangu wa pili."

"Ndivyo kaka Fanueli alivyoniambia."

"Fanueli hajui. Wilbard ni wa tatu. Kabla ya Fanueli nilizaa msichana. Alikaa siku tano."

Kwa mbali Fanueli alisikika akiuliza, "Msichana gani, mama?"

"Rekebisha," Bi Esta alimwambia Agatha. "Umeshawatangazia watu wote, basi watangazie vizuri."

Agatha alijifuta macho, akafungua rasimu. Palipoandikwa wa pili akaandika wa tatu. Akashuka hadi kwenye orodha ya watoto, jina la Fanueli likiwa juu kabisa.

"Nimwandike nani, mama?"

Nyuma ya Bi Esta mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Alikuwa hajapewa jina. Acha nafasi tu, hapo juu ya Fanueli."

Agatha akaacha nafasi. Kisha akaondoa mkono kwenye kipanya, simu ikiwa sikioni, akasubiri mama amwambie alichapishe lini.