Baridi ya Papa Ambroise

Kabla ya mapambazuko maji ya ndoo yalilia jikoni, ta, kama yai linalopasuka, na Mama Marceline akajua kwamba homa ya mumewe imerudi. Alivunja barafu kwa mchi, akajaza sufuria, akawasha mbabula ya makaa.

Papa Ambroise aliitoa homa hiyo vitani Abisinia, alipokuwa kijana katika jeshi la Wabelgiji. Kila ilipompanda, baridi ya milima ile ilitoka mifupani mwake ikajaa nyumba yao ya mtaani Panda. Wabelgiji walimwahidi dawa maisha yake yote. Waliowafuata waliahidi tena. Tangu umeme ukatike, majirani walimletea samaki wao wasioze. Waliwaweka chini ya kitanda, wakasema asante, wakaenda.

Asubuhi hiyo walimleta Mama Hortense, jirani yao, aliyefariki jana yake. Chumba cha maiti cha hospitali kilikuwa na joto kama tanuri. Mwanawe wa pekee, Théophile, alikuwa njiani kutoka Kolwezi; treni ilikuwa imekwama Tenke, naye akaendelea kwa miguu. Na jeneza halifungwi kabla mtoto hajaugusa uso wa mama yake.

Walimlaza mkekani, kando ya kitanda cha mgonjwa. Wanawake waliomboleza humo humo, kila mmoja amejifunga vikwembe viwili.

"Huku ni Ulaya kabisa," alisema Mama Gertrude, akipuliza viganja.

"Ulaya batu banalipa tiketi," Papa Ambroise alijibu, meno yakigongana. "Weye unakuya bule, na samaki yako."

Walicheka kidogo, kisha wakaendelea kulia.

Mchana aliingia Georges, muuguzi wa zahanati, na vidonge vya kinini ndani ya kitambaa. Alikuwa ametoa baiskeli yake ili avipate. Hakulisema hilo, Mama Marceline aliona tu vumbi miguuni mwake.

"Kunywa sasa, Papa. Moyo yako imechoka."

"Nikikunywa, nyumba itapata joto?"

"Ndiyo, mbele ya jioni kufika."

Papa Ambroise alimtazama Mama Hortense. Nywele zake zilikuwa na umande mweupe.

"Basi nitangoya mutoto yake."

"Na minye, Ambroise?" aliuliza mkewe. "Minye nitangoya nani?"

Mama Marceline alivifunga vidonge katika ncha ya kikwembe chake, akamwongezea mumewe blanketi, kisha akamnyooshea Mama Hortense shuka.

Théophile alifika kesho yake jua likiinama, viatu mkononi. Aliugusa uso wa mama yake. Ulikuwa kama wa mtu aliyelala. Ndipo Mama Marceline akafungua ncha ya kikwembe, akatoa vidonge. Mkono wa kuume wa Papa Ambroise ulikuwa umekwisha kufa ganzi na haukuamka tena, kwa hiyo Théophile alimshikia kikombe.

Baada ya maziko nyumba ilipata joto, na majirani wakaja kuchukua samaki. Mlinzi wa chumba cha maiti alikuja pia. Aliuliza kwa heshima kama homa itarudi wiki ijayo, maana mafuta ya jenereta ya hospitali hayakuonekana. Mama Marceline alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwambia hajui.

Théophile aliingia kuaga. Papa Ambroise alimshika kwa mkono uliobaki.

"Urudie kunitembelea, mutoto yangu," alisema. "Kuya hata siku minye niko muzima, bila baridi."