Kivuko cha Shemeji Verlin

Shemeji yangu, Verlin Kroschel, amesema neno moja tu maisha yake yote, nalo ni hapana. Marehemu mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa akisema Verlin alizaliwa amekunja ngumi. Mimi naongeza kwamba ndani ya ngumi mlikuwa na kitu cha mtu.

Hapa Colorado katiba ya jimbo imeifunga serikali mkanda. Mapato yake hayaruhusiwi kukua kupita ongezeko la watu na la bei za vitu. Mwaka wa neema ukija, ziada tunarudishiwa kwa hundi, hata kama shule hazifunguliwi Ijumaa kwa kukosa pesa na barabara zina mashimo ya kulaza ndama. Kodi nayo haipandi hata senti bila wananchi kuulizwa kwa kura. Verlin anaipenda kanuni hiyo kuliko alivyowahi kumpenda mkewe, na mkewe analijua hilo.

Novemba iliyopita tuliulizwa hivi: bila kuongeza kodi, jimbo libaki na ziada litengeneze barabara na madaraja? Oktoba yote Verlin alishinda mkahawani, mjini kwetu Harlow, kikombe kimoja cha kahawa kinaongezwa bure hadi adhuhuri, akiwaambia watu kwamba wezi wa Denver, makao makuu ya jimbo, wanazitaka pesa zao. Nilimuuliza kama amelisoma swali lote. Akajibu kwamba alipofika kwenye "jimbo libaki" palimtosha. Wakacheka, kisha wakaenda kupiga kura ya hapana, watu wazima wenye miwani na mashamba, na hapana ikashinda.

Machi akaja mhandisi wa jimbo. Akagongagonga nguzo za daraja letu la Sand Fork, akatikisa kichwa, akaacha vizuizi vya zege pande zote mbili. Pesa za kulijenga upya hazipo, alisema, na hajui zitakuwapo lini.

Ghala la nafaka liko ng'ambo ya mto. Kuzunguka ni zaidi ya saa nzima kwenda tu, na mimi nina lori moja, lile aliloniachia marehemu. Lori likikawia, mashine ya kuvuna inasimama imejaa, na ngano inabaki shambani kungoja mvua ya mawe. Mawe yakiipiga, benki inachukua shamba. Sikuwa na jambo lingine kichwani Julai ile.

Njia ya mkato ilikuwapo. Chini kidogo ya daraja mto ni mpana na maji hayavuki kifundo cha mguu, na lori linapita vizuri. Bahati mbaya hapo ni ndani ya shamba la Verlin.

Siku ya kwanza ya mavuno nilikuta ametundika mnyororo. Amekaa chini ya mwavuli, bia baridi pembeni, kopo la kukusanyia pesa mapajani. Dola ishirini kwa lori. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayefundisha chekechea, kwamba hiyo si kodi bali ni mchango wa kokoto za kutengenezea njia. Siku iliyofuata ikawa hamsini. Kokoto sikuziona. Wanaume walewale wa mkahawani walipanga foleni, wakanung'unika vioo vya malori vikiwa vimefungwa, wakalipa.

Wiki hiyohiyo hundi za ziada zikafika kwa posta. Yangu niliiweka kwenye lori, sijui kwa nini.

Kisha likaja wingu. Lilitokea magharibi, jeusi lenye ukijani, na kila mkulima wa huku anajua rangi ile inabeba nini. Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho shambani. Nilipofika kwenye mnyororo, Verlin alinyoosha kidole kimoja. Mia.

"Jana ilikuwa hamsini," nikasema.

"Jana hakukuwa na wingu."

"Basi tuulize kwanza. Pigisha kura hapa foleni. Si ndiyo katiba yako hiyo, haipandi mpaka watu waulizwe?"

"Hiyo ni ya serikali, shemeji. Mimi ni mtu binafsi."

Nyuma yangu Curtis Schaal, jirani yangu, akapiga honi. "Ardith, lipa bwana, unatuchelewesha!"

Nikaitoa ile hundi, nikaiweka juu ya boneti, nikaandika nyuma yake jina la Verlin na kutia sahihi yangu, pesa ziwe zake. Ilizidi mia, ikatosha safari zangu zilizobaki. Aliigeuza mara mbili akiangalia muhuri wa jimbo.

"Uliwaambia watu kuna wezi wanazitaka pesa hizi," nikamwambia. "Ulisema kweli. Ulikosea mji tu."

Akashusha mnyororo. Niliiokoa ngano yangu, yote isipokuwa ukanda mmoja kando ya ua. Curtis mawe yalimkuta bado yuko foleni, na nusu ya shamba lake ililala chini.

Novemba hii wanatuuliza swali lilelile. Mabango ya hapana, kazi ya Verlin, yametapakaa barabara nzima, na moja liko langoni kwa Curtis. Nilimsimamisha nikamuuliza, hata wewe? Akasema serikali ukiipa kidogo haitosheki. Alikuwa anaelekea kivukoni, mkono nje ya dirisha, noti yake ameishika tayari.