Masikio Yangu Yako Kwenye Kikundi

Usiku wa jana niliota nimeketi sebuleni, ninamsuka binti yangu Naetwe mistari ya kurudi nayo bweni. Yuko chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, kama kila mwisho wa likizo. Anaongea. Mabega yanamtikisika. Sisikii kitu.

Nikajipapasa. Masikio hayapo.

"Yako kwenye simu, kwenye kikundi cha kamati ya harusi," likasema chanuo. "Umeyaacha kule tangu Ijumaa."

"Mbona wewe nakusikia?"

"Unanisikia kwa meno."

Nikafungua mlango wa jikoni, nikatokea ukumbini. Viti vya plastiki mpaka ukutani, kila kiti kimekaliwa na jozi ya masikio. Mbele yuko Admin, feni ya mezani. Inageuka kushoto, inageuka kulia, haimtazami mtu.

"Shikamoo, Admin. Nimefuata masikio yangu. Mtoto ananiambia jambo."

"Marahaba," ikasema, ikaenda zake kulia. Nikasubiri irudi.

"Amina," ikasema iliporudi.

"Nani kafariki?"

"Sijui. Tunasema tu, ukumbi usipoe."

"Na hapa anaongea nani?"

"Hakuna. Ila ukitoka, Mama Naetwe, wote watajua umetoka."

Niliogopa, sikatai. Naetwe akiwa shule, nyumbani kwangu anayenguruma ni friji peke yake.

Nikayachukua masikio, ya moto kama chapati, nikayavaa huku natembea. Hakuna kiti kilichouliza ninaenda wapi.

Niko sebuleni tena. Naetwe anajifuta uso kwa kanga yangu.

"Ndiyo hivyo, mama."

"Hebu rudia."

"Nimeshamaliza."

Nikaligeukia chanuo. "Wewe umesikia."

"Nimesikia. Ni mambo ya huko bweni. Lakini aliyeambiwa ni wewe."

Nikaamka. Kumekucha, Naetwe anafunga sanduku. Nikashika sikio la kushoto, lina hereni ya bluu. Mimi hereni niliacha kuvaa tangu huyu mtoto akiwa mchanga, alikuwa anazivuta.

"Hiyo ya nani?" akauliza.

"Sijui, nilichukua kwa haraka. Acha sanduku, njoo ukae. Kuna nini huko bweni?"

Akautazama mkono wangu mmoja, kisha wa pili. Yote mitupu, haina simu.

Akakaa.